Gairo ilivyolisha njia, kutoka kirangozi hadi baisikeli

Mwaka 1889 alishuka Zanzibar mtu ambaye, kwa wakati ule, hakuwepo mwendesha baisikeli wa kumpita kwa sifa. Thomas Stevens, mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Marekani, alikuwa ameizunguka dunia akiendesha ile baisikeli ya zamani yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma. Aliondoka San Francisco Aprili 1884, akafika Yokohama Desemba 1886. Katikati alikatiza Uturuki, Uajemi, India na China, na mara nyingi alikula kile wenyeji walichokuwa nacho chunguni. Siku hizi Bangkok, Hanoi na Delhi ya Kale ziko kampuni zinazowatembeza wageni kwa baisikeli, kiongozi mbele, wateja nyuma, wakisimama kwenye vibanda vya chakula. Stevens aliyafanya hayo kabla ya mtu yeyote kufikiria kuyatoza fedha.

Alikuja kwetu kwa kazi ya gazeti la New York World, kumtafuta mvumbuzi Henry Morton Stanley aliyekuwa akirejea pwani kutoka bara. Safari ile ilizaa kitabu kilichotoka mwaka 1890. Lakini huku hakuja na baisikeli. Bingwa wa magurudumu alikwenda kwa miguu na wapagazi, kama msafiri mwingine yeyote wa zama zile. Stanley mwenyewe alipita Mpwapwa Novemba 1889, akateremka hadi Bagamoyo mwanzoni mwa Desemba.

Njia za kutoka Bagamoyo kwenda Ugogo na Unyamwezi zilipita Usagara na Ukaguru, nchi ambayo sehemu yake leo ni Wilaya ya Gairo. Wamisionari wa Church Missionary Society waliweka vituo Mpwapwa na Mamboya kati ya mwaka 1876 na 1880, na hawakuchagua mahali hapo kwa kubahatisha. Walifuata misafara, na misafara ilifuata maji na nafaka. Mbele ya Mpwapwa lilikuwa linawangoja pori la Marenga Mkali, nchi kame ambayo mpagazi aliivuka akiwa amebeba maji yake. Kwa hiyo kabla ya ukame huo, kila mwenye akili alishiba na kufunga akiba.

Posho ya mpagazi ilihesabiwa kwa kibaba: kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku. Msafara wa watu 300 ulihitaji vibaba 300 kila jua likitua, na nafaka hiyo haikutoka pwani. Ilitoka kwa wakulima wa njiani, ikalipwa kwa merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba. Vitabu vya wazungu vimejaa vilima na homa, lakini ukivisoma kwa jicho la mama lishe utaona jambo jingine: karibu kila ukurasa kuna mtu anauliza bei ya mtama. Wakulima wa Ukaguru ndio waliokuwa wakijibu.

Na mbele ya msafara alikuwapo kirangozi. Huyu ndiye aliyejua kisima kipi kimekauka, kijiji kipi kina njaa na mtemi yupi anadai hongo. Alitangulia na bendera, ngoma ikimfuata, na mwendo wake ndio uliokuwa mwendo wa wote. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa eneo la Bagamoyo, aliyeandika desturi za Waswahili na kazi yake ikachapwa mwaka 1903, hakuziacha nyuma safari za bara. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani India akarejea huru, aliwaongoza wavumbuzi Burton, Speke, Stanley na Cameron kwa zamu. Majina ya mabwana hao yamekaa kwenye ramani na vitabu vya shule. La Bombay linajulikana kwa wachache, ingawa ndiye aliyejua chakula kinapatikana wapi.

Kisha ikaja reli, ikaipita Gairo pembeni. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914, na ili kupenya milima wahandisi Wajerumani walifuata bonde la Mto Mkondoa kupitia Kilosa. Ukaguru ikabaki kaskazini ya reli. Mpagazi akakosa kazi, kirangozi akakosa msafara, na mkulima aliyezoea kuuza mtama mlangoni akalazimika kuufuata mnunuzi. Zaidi ya miaka mia baadaye reli mpya ya SGR, iliyozinduliwa hadi Dodoma mwaka 2024, imepita kusini kule kule. Gairo imerukwa na treni mara mbili.

Pengo hilo la kati ya shamba na soko ndilo lililoipa baisikeli nafasi yake. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia zilienea Tanganyika baisikeli za Uingereza, Raleigh ya Nottingham ikitangulia kwa heshima, zikiuzwa na maduka ya Wahindi. Baada ya uhuru zikaja Phoenix za Shanghai, nzito, nyeusi, zisizokufa, na za India kama Hero na Avon. Wazee watakumbuka pia Swala, ya kampuni ya umma ya NABICO, iliyounganishwa hapa hapa nchini. Mwanamume wa kijijini hakuinunua baisikeli ili atembee. Aliitaka kwa ajili ya keria. Juu ya ile keria ya chuma nyuma ya kiti hukaa gunia la maharage, mkungu wa ndizi, mtungi wa pombe, mgonjwa anayepelekwa zahanati na bibi harusi anayepelekwa kwake. Bila shaka mtu aliyebuni keria hakulenga yote hayo.

Mafuta yalipoadimika nchini miaka ya 1970 na 1980, hata magari binafsi yakazuiwa kutembea Jumapili alasiri, baisikeli haikuuliza kibali. Fundi chini ya mwembe, na beseni lake la maji la kutafutia tobo la tyubu, kiraka na solusheni, alikuwa mtu muhimu kuliko fundi wa magari. Kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, huko Busia, baisikeli ya kubeba abiria ilizaa jina la bodaboda, ambalo baadaye lilinyakuliwa na pikipiki. Pikipiki hizo za China na India, zilizofurika kuanzia miaka ya 2000, ndizo zilizoishusha baisikeli hadhi hadi ikaonekana chombo cha asiye na kitu. Naiona hukumu hiyo kuwa ya haraka mno.

Gairo ya leo imekaa karibu katikati ya barabara kuu ya Morogoro na Dodoma. Uamuzi wa TANU wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma uliipa barabara hii uzito, na agizo la mwaka 2016 la serikali kuhamia huko likauongeza. Wilaya yenyewe ilizaliwa mwaka 2012 ilipomegwa kutoka Kilosa. Msafiri wa basi anaijua kwa jambo moja: viazi vitamu. Viazi vya Gairo hupakiwa kwa magunia ya lumbesa, ambayo sheria ya vipimo inayakataza na soko linayaendeleza, vikaenda kuilisha Dar es Salaam. Mtu wa Tandale anayekunywa chai kwa kiazi cha kuchemsha huenda anakula jasho la Gairo bila kuujua mji huo uko wapi.

Abiria naye hapati zaidi. Basi husimama kwa dakika chache, watu wakachimba dawa, wakanunua dirishani, likaondoka. Mpagazi wa mwaka 1880 alilala hapa, akasikia Kikaguru kikizungumzwa, akajua nani kavuna na nani kakosa. Abiria wa leo anapita nchi ile ile usingizini. Hamuoni Mkaguru, ambaye ukoo wake unafuata upande wa mama, wala Mgogo na mlenda wake, wala Mbaraguyu anayeteremsha mbuzi mnadani. Haoni hata milima ya Nongwe, ambako baridi humfanya mgeni aulizie koti.

Hapo ndipo mfano wa Mto wa Mbu unapoingia. Mji ule wa njiani kuelekea Manyara na Ngorongoro nao ulikuwa wa kupitwa tu. Katikati ya miaka ya 1990 shirika la Uholanzi la SNV na Bodi ya Utalii Tanzania walianzisha programu ya utalii wa kitamaduni, na Mto wa Mbu ikawa miongoni mwa vituo vyake. Leo vijana wa pale huwachukua wageni kwa baisikeli kupitia mashamba ya migomba na mpunga, kwenye vibanda vya wachongaji Wamakonde, kwenye mbege ya Wachaga, na kumalizia kwa chakula kilichopikwa na akina mama wa mtaani. Sehemu ya malipo hurudi kijijini. Morogoro mjini nako wapo vijana wanaowapandisha wageni Uluguru kwa miguu hadi Choma na Morningside. Katikati ya Morogoro na Dodoma sijasikia la namna hiyo, na sababu si uhaba wa vitu vya kuonyesha.

Sidai kwamba watalii wa Bangkok watahamia Gairo. Wala sipendi utalii unaomfanya mwenyeji kuwa picha ya ukutani. Lakini mgeni si lazima awe mzungu. Wanafunzi wa vyuo vya Dodoma na Morogoro, watumishi wanaopita kila mwisho wa mwezi, familia zinazokwenda likizo, wote hao hupita hapa na wengi wao hawajawahi kukanyaga zaidi ya mita hamsini kutoka lami. Baisikeli ina mwendo unaomruhusu mtu kusalimia na kujibiwa, na njia za vumbi kwenda Chakwale na Iyogwe hazidai gari la kifahari. Utalii wa namna hiyo haudai hata mtaji mkubwa: baisikeli ziko mitaani, mafundi wapo, na wapishi hawajawahi kukosekana tangu enzi za kibaba.

Kinachokosekana ni kirangozi. Halmashauri ya Wilaya ya Gairo inaweza kumpata kwa kuwaita vijana wachache wanaojua njia na wazee wachache wanaojua habari zake, ikawakalisha pamoja, ikawapangia mzunguko mmoja wa siku moja wenye bei inayojulikana na fungu la kijiji lililoandikwa. Nawe msomaji, ukipita Gairo safari ijayo, shuka ule pale, na umuulize anayekupikia chakula hicho kimetoka shamba gani.