Miamba, Wafungwa na Madai: Historia ya Mzunguko wa Baiskeli wa Rasi ya Cape

Mwaka 1977, mamia ya wakazi wa Cape Town walipanda baiskeli wakaingia nazo barabarani kwa pamoja. Ulikuwa msafara wa madai. Bill Mylrea na John Stegmann, waliouandaa, walitaka wenye mamlaka waone kwamba mtu wa baiskeli hakuwa na pa kupita katika mji uliopangwa kwa ajili ya magari. Walitaka njia za baiskeli. Meya wa mji naye alipanda baiskeli akafuatana nao.

Mwaka uliofuata, tarehe 28 Oktoba 1978, madai hayo yaligeuzwa kuwa ziara ya kilomita 104 kuizunguka rasi iliyo kusini mwa mji. Waliojitokeza walikuwa 525. Lawrence Whittaker alitangulia kufika, baada ya kunyonga baiskeli kwa saa tatu na dakika chache. Gazeti la Cape Argus ndilo lililodhamini, ndiyo maana wenyeji wengi bado wanaiita ziara hiyo “Argus” ingawa jina lake rasmi siku hizi ni Cape Town Cycle Tour. Sasa hufanyika mwezi Machi, na waendeshaji wanaojiandikisha hufika takriban 35,000. Ni miongoni mwa mikusanyiko mikubwa kabisa duniani ya baiskeli ambayo kila mshiriki hupimwa muda wake.

Watu hawa wote huvutwa na njia yenyewe. Mzunguko wa leo una kilomita 109. Unaanzia mjini, unateremka kusini hadi Muizenberg kwenye ghuba ya False Bay, unapita Fish Hoek na Simon's Town, kisha unapanda Smitswinkel hadi karibu na lango la hifadhi ya Cape Point. Hapo barabara inageukia magharibi na kuikuta Atlantiki pale Scarborough, halafu inarudi kaskazini kupitia Noordhoek, Chapman's Peak na Hout Bay. Umebaki mlima wa Suikerbossie, ambao huwamaliza wengi nguvu, na baada yake ni mteremko wa kwenda Camps Bay. Kwa kuwa mzunguko unafuata mwelekeo wa mishale ya saa, kila mahali njia inapogusa pwani bahari huwa mkono wa kushoto. Na kwa kuwa Afrika Kusini, kama kwetu, vyombo hupita upande wa kushoto, wa baiskeli ndiye anayekaa karibu zaidi na maji.

Katika njia yote hiyo, kilomita tisa kati ya Noordhoek na Hout Bay ndizo zinazobeba historia nzito kuliko nyingine. Hiyo ndiyo barabara ya Chapman's Peak. Ina kona 114, imebandikwa ubavuni mwa mlima unaotumbukia moja kwa moja baharini, na hakuna hatua yake hata moja iliyo tambarare kwa asili.

Jina lenyewe ni la tangu 1607. Meli ya Kiingereza iitwayo Consent ilikosa upepo karibu na ghuba ya Hout Bay, na rubani wake, John Chapman, akatumwa kupiga makasia hadi ufukweni kutafuta chakula. Ghuba ikaandikwa kwa jina lake, na baadaye jina likahamia kwenye kilele kilicho juu yake. Zaidi ya miaka mia tatu ilipita kabla ya mtu kuthubutu kupitisha barabara mahali hapo.

Aliyethubutu ni Sir Frederic de Waal, msimamizi mkuu wa kwanza wa Jimbo la Cape. Wapimaji walikwisha kuona kwamba njia ya juu, kupitia shingo ya mlima, ina miamba iliyolegea isiyoaminika. De Waal akaagiza barabara ipite chini zaidi, kwenye genge lenyewe. Kazi ya upimaji ilimwangukia Charl Marais, mpimaji aliyezoea migodi. Inasimuliwa kwamba alikuwa akimtanguliza msaidizi wake achonge vidato vya kukanyagia kwenye mwamba, ndipo naye asogee na vyombo vyake. Ujenzi ulianza mwaka 1915 upande wa Hout Bay, na mwaka uliofuata ukaanza upande wa Noordhoek, chini ya mhandisi Robert Glenday. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa ikiendelea na fedha zilikuwa haba.

Suluhisho la uhaba huo lilikuwa wafungwa. Ndio waliotoboa majabali haya, wakapasua mawe kwa baruti na nyundo, wakajenga kuta za kuishikilia barabara isiporomoke baharini. Kazi ilichukua miaka saba. Barabara ilifunguliwa tarehe 6 Mei 1922 na Gavana Mkuu, Prince Arthur wa Connaught, na gharama ilitajwa kuwa pauni 20,000. Ni rahisi kuona kwa nini ilikuwa ndogo: waliofanya sehemu kubwa ya kazi hawakuwa na hiari ya kuikataa. De Waal na Glenday hutajwa kila historia ya barabara hii inapoandikwa. Wafungwa hutajwa kwa jumla, bila jina la hata mmoja. Naona ni deni ambalo mji wa Cape Town haujalilipa.

Ufundi wao unaonekana hadi leo kwa yeyote anayepita taratibu, na mwendo wa baiskeli unafaa zaidi kwa hilo kuliko wa gari. Chini ya tairi kuna graniti, mwamba mgumu wenye umri wa takriban miaka milioni 540. Juu yake, ukutani mkono wa kulia, kuna matabaka ya mawe ya mchanga, mengine ya rangi nyekundu na zambarau, yaliyopangana kama kurasa za kitabu. Wajenzi waliifuata mipaka ya miamba hiyo miwili kwa sehemu kubwa ya njia: graniti iliwapa msingi imara, na matabaka laini ya juu yake yalikatika kwa urahisi zaidi.

Uamuzi huo ndio uliookoa kazi, na ndio uliozaa hatari. Matabaka yale yana nyufa. Mvua ikinyesha maji hupenya ndani, moto ukiteketeza vichaka mizizi iliyoshikilia mawe hufa, kisha mawe huanguka. Watu kadhaa wamepoteza maisha kwa njia hiyo. Mwanzoni mwa 2000 barabara ilifungwa, na kwa miaka iliyofuata waendeshaji wa Argus walilazimika kuukwepa mwambao huu na kuvuka mlima kwa njia nyingine. Ilifunguliwa tena Desemba 2003, ikiwa na nyavu za chuma za kudaka mawe na kipande kilichochimbwa ndani ya mwamba ili mlima wenyewe uwe paa. Gharama ya kinga hizo hulipwa kwa tozo ya magari. Mwenye baiskeli hatozwi kitu.

Hatari nyingine ya rasi hii ni upepo wa kusini-mashariki, ambao kiangazi huvuma kwa nguvu ya kumwangusha mtu na baiskeli yake. Machi 2017 ulivuma kwa kasi ya karibu kilomita 100 kwa saa, na mashindano yakafutwa asubuhi ileile wakati wengine wamekwisha kuondoka. Miaka miwili kabla ya hapo, moto mkubwa uliounguza milima ya rasi, pamoja na miteremko ya Chapman's Peak, ulifanya safari ikatwe hadi kilomita 47.

Lakini kuna sehemu ya historia ambayo upepo na moto havihusiki nayo, na mpanda baiskeli anaweza kuipita bila kuiona. Simon's Town, mji wa bandari ya wanamaji ambako wageni husimama kuwatazama pengwini, ulikuwa na watu wa rangi na dini mbalimbali, wakiwemo Waislamu wenye asili ya Kimalay. Mwaka 1965 Waafrika wa kitongoji cha Luyolo walihamishwa kwa nguvu hadi Gugulethu. Tarehe 1 Septemba 1967, chini ya sheria ya serikali ya makaburu ya kutenga makazi kwa rangi, mji ulitangazwa kuwa wa Wazungu peke yao. Maelfu ya wale walioitwa Machotara wakaondolewa, wengi wakipelekwa ng'ambo ya mlima, kwenye makazi mapya ya Ocean View karibu na Kommetjie.

Mzunguko wa baiskeli unapita Simon's Town, na kilomita nyingi baadaye unapita kando ya Ocean View. Yaani mshiriki hunyonga baiskeli kutoka kwenye nyumba walizonyang'anywa watu hadi mahali walipotupwa. Wakati 525 wa kwanza wanapita hapo mwaka 1978, tangazo la 1967 lilikuwa na miaka kumi na moja tu. Nisingependa mtu yeyote apewe ramani ya mwambao huu ikiwa na milima na fukwe, pasipo kuelezwa habari hiyo.

Na yale madai ya 1977? Ziara huendeshwa na chama cha waendesha baiskeli cha Pedal Power pamoja na klabu ya Rotary ya Claremont, na mapato yake huenda kwenye maendeleo ya baiskeli na kazi za kusaidia jamii. Jiji nalo limejenga njia za baiskeli, mojawapo ikifuatana na barabara ya mabasi ya MyCiTi kuelekea Table View. Hata hivyo, mfanyakazi anayetoka na baiskeli yake kwenye vitongoji vya Cape Flats bado anabanana na malori na teksi siku zote za mwaka, ukiacha ile Jumapili moja ya Machi ambapo barabara hufungwa kwa ajili ya baiskeli. Mylrea na Stegmann waliomba njia za kila siku. Walichopata kwa ukamilifu ni siku moja.

Msomaji mwenye uwezo wa kwenda Cape Town asiingoje Machi. Chapman's Peak huwa wazi kwa baiskeli siku za kawaida pia, mradi mamlaka hayajaifunga kwa mvua au mawe. Aondoke Noordhoek alfajiri kabla magari hayajazidi, avae kofia ngumu, na asimame walau mara moja kuutazama ukuta wa mawe uliokatwa na wafungwa wale. Na asiye na nauli ya kwenda anaweza kuuitisha msafara wa 1977 katika mji wake mwenyewe: achague barabara, awaite wenye baiskeli, na amwalike meya.