Seli, Chembe na Mundu: Historia Fupi ya Istilahi Moja ya Tiba

Kila istilahi ina nasaba yake, na mfasiri asiyeijua nasaba hiyo aweza kupotosha maana bila ya kukusudia. Katika makala haya tutaitazama istilahi "selimundu", itajayo ugonjwa wa damu wa kurithi ambao umeenea sana barani Afrika.

Tuanze na "seli". Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alieleza jinsi alivyokitazama kwa hadubini kipande chembamba cha koki, akaona vijumba vingi vilivyopangana. Aliviita kwa neno lenye asili ya Kilatini, maana yake chumba kidogo. Kiswahili kimelitohoa neno hilo. Wako wanaopendelea "chembe", nalo ni neno zuri. Lakini tayari lina kazi nyingi. Kuna chembe za mchanga na za mtama, na wanafizikia nao wana chembe zao.

"Mundu" lilikuja kwa njia ya tafsiri. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alieleza habari za mwanafunzi kutoka Grenada ambaye seli zake nyekundu za damu zilikuwa nyembamba na zimepinda kama mundu. Mwaka 1922 Verne Mason aliutumia mfano huo kuupa ugonjwa jina. Hapa hatukuwa na haja ya kukopa, kwani kila aliyevuna mpunga analijua umbo la mundu.

Maarifa yaliongezeka. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa ina tofauti. Na mwaka 1957 Vernon Ingram alibainisha kuwa asidi amino moja tu ndiyo iliyobadilika. Hemoglobini hiyo ikikosa oksijeni hugandamana, seli hupinda, huziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyefanya utafiti wake Afrika Mashariki, alieleza kwamba aliyerithi kasoro hiyo kwa mzazi mmoja hupata kinga ya kiasi dhidi ya malaria.

Hapo ndipo penye hatari kwa mfasiri. Aliyerithi kwa mzazi mmoja ni mchukuzi, na kwa kawaida haugui; aliyerithi kwa wazazi wote wawili ndiye mgonjwa. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuletewa karatasi ya mafunzo ambamo wote wawili waliitwa "wenye selimundu". Mama mchukuzi akisoma hivyo atajidhania mgonjwa. Tena hataelewa jambo lililo muhimu zaidi: kwamba wachukuzi wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa.

Tiba nayo inadai istilahi. Mwaka 1995 utafiti uliofanywa Marekani ya Kaskazini ulithibitisha kuwa dawa ya haidroksiurea hupunguza vipindi vya maumivu. Mwaka 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha tiba ya kuhariri jeni katika seli shina za mgonjwa mwenyewe. Maneno "jeni", "seli shina" na "uboho" hayana budi kutumiwa kwa maana moja shuleni, hospitalini na ofisini.

Basi tunawanasihi wafasiri: msiridhike na jina la ugonjwa peke yake. Mtofautisheni mchukuzi na mgonjwa katika kila maandishi, kwani msomaji wenu huenda akaamua jambo la ndoa au la uzazi kwa kulitegemea neno mlilolichagua.