Kitabu cha Watu Wengi katika Masomo ya Historia

Yafaa mwanafunzi asome historia katika Wikipedia, ambamo kila mtu aweza kuandika? Wengine wakataa, wakisema kwamba kitabu cha wote hakina mwenyewe.

Lakini mji wetu wa Lubumbashi wajua kitabu cha namna hiyo tangu zamani. Mwaka 1965, mji ulipoitwa bado Elisabethville, André Yav alikusanya masimulizi ya watumishi wa zamani wa nyumba za wazungu, wale walioitwa maboyi. Aliyaandika kwa Kiswahili chetu, akayaita « Vocabulaire de ville de Elisabethville ». Si maneno ya gavana wala ya Union Minière. Ni maneno ya waliopika na kufua nguo. Johannes Fabian aliyatoa katika kitabu mwaka 1990, na mwaka 2001 yakawekwa katika intaneti. Mwaka ule ule Wikipedia ilianza; ile ya Kiswahili ikafuata mwaka 2003.

Je, kila neno la watu wengi ni kweli? Hapana. Wazee wa Katanga walisimulia sana juu ya batumbula, waliosemwa kukamata watu usiku ili wazungu wawale. Mwalimu akifundisha hayo kama jambo lililotokea, apoteza watoto. Lakini akiyacheka tu, atupa ushuhuda mkubwa: woga wa watu ulikuwa kweli, nao waonyesha namna walivyouona utawala ule.

Basi ushuhuda hautupwi, unapimwa. Mtakatifu Luka, mwanzoni mwa Injili yake, asema wengi walikwisha kuandika mbele yake. Hakuwadharau, alichunguza yote tangu mwanzo, ndipo akaandika kwa utaratibu. Wikipedia nayo yatunza mabadiliko ya kila ukurasa pamoja na tarehe zake, na ukurasa mzuri wataja vitabu vilivyotumika. Mwanafunzi afundishwe kutazama huko kwanza: nani aliandika, lini, na kwa ushuhuda gani? Neno lisilo na ushuhuda asilinakili.

Tena asiwe msomaji tu. Wazee wa Kamalondo na Katuba wangali na mengi ya kusimulia. Lakini Wikipedia yadai maandiko yaliyokwisha kutolewa, haitosheki na maneno ya mdomo. Kwa hiyo wanafunzi wayaandike, walimu wayapime, na magazeti yetu yayachape, kabla wazee hao hawajatutoka.