Malik Ambar: Mhabeshi katika picha za kasri za India

Malik Ambar (takriban 1548–1626) ni miongoni mwa Waafrika wa karne ya 17 ambao sura zao zingalipo. Alizaliwa Uhabeshi, Ethiopia ya leo, akauzwa utumwani na kupitia mikononi mwa mabwana kadhaa hadi akafikishwa Deccan, kusini mwa India. Baada ya majeshi ya milki ya Mughal kuiteka ngome ya Ahmadnagar mwaka 1600, alimtawaza mwana wa ukoo wa Nizam Shahi, naye akawa ndiye mwenye kauli. Mwaka 1610 alianzisha mji wa Khadki, ulioitwa baadaye Aurangabad.

Wachoraji waliohifadhi sura yake walikuwa wa upande wa maadui. Mfalme Humayun alikuwa amewaajiri mabingwa wawili kutoka Uajemi, Mir Sayyid Ali na Abd al-Samad. Mwanawe, Akbar, akaamuru wakuu wote wa dola wachorwe, picha zao zikakusanywa katika albamu kubwa. Mchongaji wa Tabaka, Kisii, huanza na bonge la jiwe la sabuni; mchoraji wa kasri alianza na karatasi iliyosuguliwa kwa akiki hadi ikang'aa, akatumia brashi ya manyoya ya kindi. Picha nzima haikuzidi ukurasa wa kitabu.

Jahangir, mwana wa Akbar, alimchukia Ambar kupita kiasi, na kumshinda hakumshinda. Mnamo 1616 hivi Abu'l Hasan alichora picha ambayo sasa imo katika maktaba ya Chester Beatty, Dublin: mfalme amesimama juu ya tufe la dunia, akikipiga mishale kichwa cha Ambar kilichotundikwa mkukini. Mwenye kichwa hicho alikuwa hai, na aliendelea kuwasumbua Mughal kwa miaka kumi mingine.

Picha ya Hashim, ya takriban 1620, iliyomo katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, ni ya namna nyingine kabisa. Ambar amechorwa ubavuni, mzee mnene mwenye vazi jeupe na upanga, bila dhihaka yoyote. Hashim alimpa adui adabu ileile waliyopewa maamiri wa kasri, na kwa mtafiti wa historia picha yake ina uzito kuliko ile ya mishale.

Ambar hakuwa peke yake. Katika picha ya takriban 1645, kazi ya Haidar Ali na Ibrahim Khan, Sultani Muhammad Adil Shah wa Bijapur amempanda tembo, na nyuma yake ameketi waziri wake Ikhlas Khan, Mhabeshi.