Ufilisi na nafuu ya madeni: pwani ya kusini ya Kenya

Ufilisi wa mtu binafsi nchini Kenya unaongozwa na Sheria ya Ufilisi, Na. 18 ya 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya zamani, Sura ya 53, iliyorithiwa kwa wakoloni. Sheria ni moja kwa nchi nzima, lakini haiwafikii watu wote kwa kipimo kimoja. Makala haya yanaitazama kutoka Kwale, hasa Diani na Msambweni, ambako deni kubwa ni la hoteli na deni la kawaida ni la samaki, tuktuk na simu.

Neno lenyewe ni la Kiarabu. *Fals* ilikuwa sarafu ndogo ya shaba. Kutoka shina hilo hilo tumepata fulusi, yaani pesa, na kufilisika, yaani kuishiwa nazo. Muflisi wa fikihi ni mtu ambaye madeni yake yameipita mali yake: kadhi humzuia kuitumia, kisha huigawa kwa wadai, na mdaiwa aliyeelemewa huhesabiwa miongoni mwa makundi manane yanayostahiki zaka. Kwa Kwale ya leo huo ni utaratibu wa vitabuni. Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kimeiwekea Mahakama ya Kadhi mipaka ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Deni la duka halifiki huko mpaka mdaiwa afe, maana deni hutolewa kabla ya warithi kugawana.

Deni linavyozaliwa

Utalii wa Diani una majira yake. Mvua za masika zikianza Aprili, baadhi ya hoteli hufunga milango, na muuza vinyago wa ufukweni huishi kwa kukopa akingojea Julai. Hesabu hiyo huenda sawa mpaka msimu mzima upotee. Ulipotea baada ya mapigano ya Likoni ya Agosti 1997. Mwaka 2014 Uingereza iliwaonya raia wake wasiende ukanda wa kuanzia Mtwapa hadi Tiwi. Diani iko kusini zaidi ya hapo, lakini kampuni za watalii zilisitisha ndege, na onyo lisiloitaja Diani likaiumiza Diani. Machi 2020 ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa kabisa. Mwishoni mwa 2024 kampuni ya madini ya Base Titanium ilimaliza uchimbaji ulioanza 2013, na waliokuwa wameufanya mgodi huo mteja wao wakabaki wakitafuta mwingine.

Gazi na Msambweni deni hufuata upepo. Kusi ikivuma bahari huchafuka, na mvuvi humwendea tajiri, mnunuzi wa samaki anayempa nyavu au pesa ya chakula kwa ahadi kwamba samaki atauziwa yeye. Mama karanga, anayekaanga samaki wadogo na kuwauza barabarani, naye huchukua mzigo kwa mkopo asubuhi na kulipa jioni. Hakuna mkataba ulioandikwa. Hata minazi huwekwa rehani bila shamba kuguswa, kwa kuwa pwani mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe.

Sheria inavyotoa nafuu

Uliotungwa kwa ajili ya mnyonge ni utaratibu wa asiye na mali. Mdaiwa humwandikia Mpokezi Rasmi, afisa wa serikali aliye chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara, bila kwenda kwa jaji. Awe hana mali ya kuuzwa, awe hajawahi kutangazwa muflisi wala kuitumia njia hii, na jumla ya madeni yake isipungue shilingi 100,000 wala kuzidi 4,000,000. Akikubaliwa, wadai wanazuiwa kumwandama, na baada ya miezi 12 madeni hufutwa. Matunzo ya watoto hayafutwi, wala deni lililopatikana kwa ulaghai. Watu husema dawa ya deni ni kulipa. Hapa sheria imekiri kwamba wapo wagonjwa ambao dawa hiyo haipo dukani kwao.

Tatizo ni kizingiti cha chini. Anayedaiwa 30,000 na programu tatu za simu hajafika kiwango cha kusamehewa: deni lake ni dogo mno kwa sheria na kubwa mno kwake. Nafuu yake ya karibu ilitoka kwa Benki Kuu. Kuanzia Novemba 2022 hadi Mei 2023 iliwataka wakopeshaji walio chini yake wapunguze angalau nusu ya mikopo ya simu ya muda mfupi iliyokwama, ili walioorodheshwa na CRB, ofisi za kumbukumbu za wakopaji, wasafishike.

Mwenye kipato kidogo anaweza kuomba amri ya kulipa kwa awamu, kwa kawaida miaka mitatu. Mfanyabiashara anaweza kuwapelekea wadai pendekezo la mapatano ya hiari, naye hupata kinga ya mahakama wakilijadili. Ufilisi kamili ni shauri la Mahakama Kuu, ambayo kwa miaka mingi ilimtaka mtu wa Msambweni avuke feri ya Likoni. Mdai huanza kwa hati ya madai ya siku 21. Mali huchukuliwa, vifaa vya lazima vya kazi huachwa, na muflisi huachiliwa miaka mitatu baada ya kuwasilisha taarifa ya hali yake ya kifedha. Kabla ya hapo hawezi kuchaguliwa mbunge wala mwakilishi wadi.

Jela ya madai nayo bado ipo, isiyozidi miezi sita, kwa aliye na uwezo wa kulipa na hataki. Mdai ndiye hulipia chakula cha mfungwa wake, na hilo limewapunguzia wengi hamu ya kuitumia.

Wadhamini

Kufutiwa deni hakumfuti mdhamini. Mjini hilo ni jambo la benki na jamaa mmoja tajiri. Kwale, mikopo midogo hutolewa kwa vikundi: wanawake kumi hudhaminiana, mmoja akishindwa tisa huchangishana. Akienda kwa Mpokezi Rasmi na kusamehewa, mkopeshaji hugeukia wale tisa, ambao hukutana naye kisimani, msibani na kwenye chama cha Ijumaa. Kwa hiyo aliyeshindwa huuza mbuzi, au huhamia kwa dada yake Lunga Lunga mpaka maneno yapoe.