Rodney na Utumwa wa Pwani: Nani Abebe Lawama?

Mwaka 1972 kilichapishwa London na Dar es Salaam kitabu cha Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kinaeleza jinsi Ulaya ilivyodumaza maendeleo ya Afrika. Hadi leo wanafunzi wa vyuo hutakiwa kuandika insha za kukifupisha na kukihakiki. Wengi hukisifu chote au hukikataa chote, kabla ya kueleza sawasawa kinachosemwa. Katika makala haya tutaitazama hoja yake moja, inayowagusa wasikilizaji wetu kuanzia Lamu na Zanzibar hadi Muscat.

Rodney alikataa jina la "biashara ya utumwa ya Waarabu". Alitoa sababu mbili. Kwanza, katika karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19 mateka wengi wa Afrika Mashariki walipelekwa kwenye mashamba ya Wazungu huko Mauritius na Réunion, na wengine wakapitishwa Rasi ya Tumaini Jema hadi Amerika. Pili, hata watumwa waliolima karafuu Zanzibar chini ya mabwana wa Kiarabu walikuwa wakizalisha mali iliyotakiwa na ubepari wa Ulaya. Kwa hiyo, asema, mwishowe wote waliutumikia mfumo huo mmoja.

Hoja hii ina uzito. Wakoloni walikuwa wamelitumia jina hilo kujionyesha kuwa wakombozi, wakinyamazia sehemu yao wenyewe. Tena, ni kweli kwamba utumwa wa Zanzibar ulipanuka pamoja na mashamba ya karafuu enzi za Sayyid Said. Hata katika Ghuba, watumwa walizamia lulu zilizouzwa Ulaya, na walitumikishwa katika mashamba ya tende, ambazo zilifika mpaka New York. Ushahidi huo unamuunga mkono Rodney.

Hata hivyo, neno "wote" ndilo linalomponza. Masuria na watumishi wa majumbani, kutoka Mombasa hadi Muscat, hawakuzalisha bidhaa yoyote ya kupelekwa Ulaya. Karafuu nazo zilinunuliwa pia India na Arabuni. Kadhalika, uasi wa watumwa walioitwa Zanj, karibu na Basra, ulianza mwaka 869 na kuzimwa mwaka 883, zaidi ya miaka 600 kabla ya Vasco da Gama kufika pwani yetu mwaka 1498. Ni haki kukumbuka kwamba Rodney alizungumzia hasa karne ya 18 na ya 19. Lakini mahitaji yaliyokuwepo karne nyingi kabla ya ubepari hayawezi kuelezwa kwa ubepari peke yake.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, mzaliwa wa Zanzibar, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na humo tunamwona akipanga misafara, akipigana na kutafuta faida kwa akili yake mwenyewe. Misafara yake iligharimiwa na mfanyabiashara wa Kihindi, Taria Topan. Nguvu za soko zinaeleza kwa nini idadi ya mateka iliongezeka. Haziwaondolei dhamana wale walioshika minyororo, wawe Waarabu, Waswahili, Wahindi au watemi wa bara.

Mhakiki mwadilifu basi hana haja ya kuchagua baina ya Ulaya na pwani. Anaweza kumkubali Rodney kuhusu mfumo, akampinga kuhusu dhamana. Jambo hili si la darasani tu, kwani wajukuu wa waliouza na wa waliouzwa wangali majirani, na mara nyingi ni watu wa nyumba moja. Kuwaambia kwamba mkosaji alikuwa mgeni peke yake ni kuwanyima wazee wa upande mmoja historia yao.

Rodney aliuawa kwa bomu mjini Georgetown tarehe 13 Juni 1980, akiwa na umri wa miaka 38. Hawezi tena kujibu. Hiyo ni sababu tosha ya kumnukuu kwa uaminifu kabla ya kumkosoa.