Sanduku la Kufuli Nne: Hesabu za Kanisa hadi Zama za Simu

Swali la nani ahesabu sadaka, na nani aithibitishe hesabu hiyo, ni la kale kuliko Kanisa lenyewe. Siku za mfalme Yoashi, kuhani Yehoyada alitoboa tundu katika kifuniko cha kasha na kuliweka kando ya madhabahu. Kasha lilipojaa fedha, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walihesabu pamoja (2 Wafalme 12). Mtume Paulo naye alisafiri na changizo la watakatifu akiwa pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili asilaumiwe na mtu (2 Wakorintho 8).

Wakati wa Matengenezo ya Kanisa, washarika wa mji wa Leisnig, Ujerumani, waliandika sheria ya hazina ya pamoja, naye Martin Luther akaichapisha mwaka 1523 pamoja na dibaji yake. Sheria hiyo iliagiza sanduku lenye kufuli nne. Ufunguo mmoja ulikuwa wa mabwana wenye ardhi, wa pili wa baraza la mji, wa tatu wa wenyeji wa mjini, na wa nne wa wakulima wa vijijini. Wasimamizi kumi walipaswa kukutana kila Jumapili, kuandika mapato na matumizi vitabuni, na kutoa hesabu mbele ya washarika. Hata hivyo, baraza la mji lilikataa kukabidhi mali iliyohusika, na mpango ukakwama. Sheria njema haikutosha pale aliyeshika mali alipokataa kuitoa.

Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Tangu hapo, sadaka iliyozoea kuja katika bahasha ilianza kuja pia kwa simu. Kila muamala huleta ujumbe wenye namba yake, tarehe na kiasi. Ujumbe huo huthibitisha kwamba fedha imefika, lakini peke yake hauelezi kama ni fungu la kumi, ahadi ya ujenzi au shukrani. Tena ukibaki katika simu ya mtu mmoja, hazina imerudi kuwa sanduku la ufunguo mmoja.

Kumbukumbu ifaayo si ngumu. Daftari huonyesha tarehe, namba ya muamala, mtoaji, kiasi na kusudi. Makato huandikwa peke yake. Kosa halifutwi, bali hukatwa kwa mstari na sahihisho hutiwa sahihi. Kila mwisho wa mwezi, taarifa ya miamala kutoka kampuni ya simu hulinganishwa na daftari, na mwenye kulinganisha asiwe yule ashikaye simu. Hivyo mkaguzi aweza kuifuata shilingi yoyote tangu ilipopokelewa hadi kwenye vocha ya matumizi.

Utaratibu huu humlinda mtoaji, awe mfadhili au mjane. Humlinda pia mtunza hazina, kwa maana mtu mwaminifu asiye na daftari hana ushahidi siku anaposhukiwa. Usharika unaoingia karne yake ya pili unarithi majengo na vyombo vya ibada. Unarithi pia wajibu wa kugawana funguo.